Ritifaa ya Nyang'au

Kihariri cha maandishi matupu ni programu ya kompyuta yenye kazi moja: kufungua faili, kuonyesha herufi zilizomo, kumruhusu mtu azibadilishe, kisha kuzihifadhi jinsi zilivyo bila kuongeza wala kupunguza. Msimbo, uwe wa Python, wa PHP au wa ukurasa wa HTML, huandikwa kwa chombo cha aina hiyo kwa sababu mashine itakayousoma haijui wino mzito wala ukubwa wa herufi. Husoma herufi moja baada ya nyingine, na kila herufi kwake ni namba. Programu za kuandikia barua, kama Microsoft Word, zilitengenezewa msomaji mwenye macho, kwa hiyo hujipa ruhusa ya kurekebisha: herufi ya kwanza ya sentensi inakuwa kubwa, kistari kifupi kinarefuka, alama za kunukuu zilizonyooka zinapinda. Katika barua ya kuomba kazi, huo ni msaada. Katika msimbo, ni kosa ambalo mwandishi hakulifanya na ambalo yeye ndiye atakayelitafuta.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira tofauti hii haihitaji mifano ya kubuni, kwa kuwa imo ndani ya majina ya watu. Nyang'au, Ong'era, Mong'are, Mong'ina: ni nadra orodha ya darasa, ya wakulima wa majani chai au ya wagonjwa wa zahanati kukosa jina lenye ng' na ritifaa yake. Alama hiyo ndogo inayoning'inia juu ya mstari ndiyo inayopambanua kihariri kizuri na kibaya upesi kuliko tangazo lolote la mtengenezaji.

Mwanafunzi wa Python akiandika jina = 'Nyang'au', ameiambia mashine mambo matatu bila kukusudia. Amesema kwamba jina ni Nyang na limeishia hapo. Kwamba kuna herufi mbili, a na u, zimebandikwa nyuma yake bila maelezo. Na kwamba nukuu nyingine imefunguliwa na haijafungwa. Programu inakataa kuanza. Katika Notepad ya Windows, ambako kila herufi ina rangi moja, mtu anaweza kuukodolea macho mstari huo robo saa nzima asione kitu, maana kwa jicho lililozoea majina ya Gusii jina limeandikwa sawasawa. Kihariri kinachopaka msimbo rangi humwonya kabla hajaiendesha programu: Nyang inachukua rangi ya maneno yaliyonukuliwa, herufi mbili zinazofuata zinabaki na rangi nyingine, na ile alama ya mwisho inafungua nukuu ambayo rangi yake humwagika hadi mwisho wa mstari. Dawa ni kuzungushia jina alama mbilimbili, jina = "Nyang'au", na rangi inatulia. Watu wengi huhesabu rangi hizo kuwa urembo. Kwa mwandishi wa Kisii ni chombo cha kazi.

Mstari huohuo ukinakiliwa kutoka hati ya Word, alama zake za kunukuu huja zimepinda, na Python huzikataa moja kwa moja kwa kuzitaja namba zake. Kosa hilo angalau hupiga kelele. Lenye madhara zaidi ni lile linalonyamaza, nalo hukaa katika data. Karani mmoja anachapa jina katika kihariri cha kawaida, ritifaa inakuwa iliyonyooka, ambayo kwa kompyuta ni herufi namba 39. Karani wa pili anachapa jina lilelile katika Word, na Word inaigeuza kuwa iliyopinda, herufi namba 8217. Kwa macho ya mwanadamu ni Nyang'au yuleyule. Kwa kompyuta ni watu wawili. Mtoto anaonekana mara mbili katika orodha ya basari, au risiti ya karo inatafutwa kwa jina na haipatikani ilhali imo. Halafu faili ikifunguliwa na programu inayokisia vibaya mpangilio wa herufi, ritifaa iliyopinda husambaratika ikawa alama tatu, na jina likachapishwa kwenye karatasi hivi: Nyangâ€™au. Aliyewahi kusoma orodha zilizobandikwa kwenye mbao za matangazo anaitambua takataka hiyo.

Asili yake ni ya kiufundi na haina siri. Katika UTF-8, mpangilio unaotumika leo karibu kote duniani, herufi za kawaida za Kilatini pamoja na ritifaa iliyonyooka huchukua baiti moja moja, na ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu. Programu ya zamani inayodhani kila baiti ni herufi kamili huonyesha tatu palipokuwa na moja. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kudai katika kihariri ni kwamba kisome na kuandika UTF-8 bila kuombwa, na kwamba kiwe na njia ya kumwambia mtumiaji ni herufi gani hasa iliyo mbele yake. Notepad ilianza kuhifadhi kwa UTF-8 kama desturi mwaka 2019 tu. Notepad++, ambayo ni programu nyingine kabisa iliyoanzishwa na Don Ho mwaka 2003, huandika jina la mpangilio huo chini ya dirisha muda wote. Katika kihariri kiitwacho Vim, kishale kikiwekwa juu ya ritifaa na vitufe g na a vikabonyezwa, namba ya herufi hutokea: 39 au 8217, na ubishi unaisha. Visual Studio Code huzungushia kisanduku, ndani ya msimbo, herufi zinazoweza kulidanganya jicho.

Mwisho wa mstari nao una mgogoro wake. Windows hufunga kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Faili iliyoandikwa kwenye laptopu na kupelekwa kwenye seva huvuka mpaka kama vile mtu anavyovuka barabara huko Keroka, akajikuta ametoka kaunti moja na kuingia nyingine bila kuona uzio wowote. Ushuru ndio unaomkumbusha. Amri ndogo ya Linux iliyohifadhiwa kwa desturi ya Windows inaweza kukataa kufanya kazi kwa sababu ya alama moja ambayo hakuna anayeiona. Upande wa pili, hadi mwishoni mwa mwaka 2018 Notepad ilipofungua faili ya Linux iliibananisha yote kuwa mstari mmoja mrefu. Vihariri vingi vinavyostahili jina hilo leo huonyesha aina ya mwisho wa mstari na kuibadilisha kwa kubofya mara moja au mbili. Linalobaki ni mtumiaji kujua kwamba jambo hilo lipo.

Kuna pia mtego wa jina la faili. Windows huficha kiambishi cha mwisho, na Notepad hupenda kubandika .txt, hivyo ukurasa wa kwanza wa wanafunzi wengi huitwa index.html.txt na kufunguka kama maandishi badala ya ukurasa wa wavuti. Kipindi kizima cha maabara kimewahi kuliwa na herufi nne.

Swali la kihariri lilikuwa la vyuoni kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza kama chuo cha walimu mwaka 1965 na kupata hati yake mwaka 2013, kina kitivo cha sayansi ya habari na teknolojia. Kisii National Polytechnic, iliyojulikana zamani kama Gusii Institute of Technology, hufundisha fani hiyohiyo kwa mkono wa ufundi. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu shuleni, na tangu hapo swali limeanza kumfikia hata mwalimu wa shule ya msingi ambaye kompyuta za shule yake ni chache na kila moja ina umri wake.

Mashine ndizo zinazoamua mambo mengi kabla ladha haijaulizwa. Laptopu nyingi zilizo mikononi mwa wanafunzi wa eneo hili ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, zinazouzwa madukani kwa jina la ex-UK: HP EliteBook au Lenovo ThinkPad, imara, kibodi nzuri, RAM ya GB 4 na betri iliyochoka. Visual Studio Code, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2015 na ambayo ndiyo inayotajwa kwanza katika karibu kila somo la video, imejengwa juu ya Electron, maana yake ni kwamba ndani yake kuna kivinjari kizima cha Chromium. Mtengenezaji anasema RAM ya GB 1 inaitosha. Kauli hiyo ni kweli kwa programu ikiwa peke yake, lakini hakuna mwanafunzi anayeiendesha peke yake. Windows yenyewe imeshachukua sehemu yake. Chrome imefunguliwa na vichupo kumi. XAMPP inaendesha seva ya wavuti na hifadhidata. Mashine ya GB 4 huanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na diski ikiwa ni ya kuzunguka, kila herufi inayochapwa huchelewa kutokea. Mwenye GB 8 na diski ya SSD hana sababu ya kuikwepa Visual Studio Code; ni chombo kizuri, na viendelezi vyake hukamata makosa mengi mapema. Mwenye GB 4 atafanya kazi kwa amani zaidi na Notepad++ kwenye Windows, au Geany kwenye Linux, programu ambazo faili zake za kusakinisha ni megabaiti chache na hufunguka kabla mtu hajavuta kiti vizuri.

Halafu kuna asiye na mashine kabisa, ambaye hufanyia kazi yake saiba, katikati ya watu wanaowasilisha ritani za KRA na kuchapisha wasifu. Hapo haruhusiwi kusakinisha kitu, na alichoacha jana huenda leo kimefutwa. Notepad++ ina toleo la kubebwa kwenye flashi, ambalo huendeshwa humohumo bila kusakinishwa, na mipangilio yote husafiri nayo. Visual Studio Code pia hupatikana katika sura hiyo, ingawa huifanya flashi ya bei rahisi ihangaike.

Stima ndiyo mwamuzi mkali zaidi, na hapo ndipo ushauri wa vitabu vya nje huwa mfupi kupita kiasi. Nyanda za juu za Gusii hupokea mvua karibu kila mwezi, mara nyingi alasiri, hewa yenye unyevu ya Ziwa Viktoria inapopanda vilima na kugeuka ngurumo. Radi ya eneo hili inajulikana kote nchini, na watu hufundishwa tangu utotoni kuchomoa vyombo ukutani mawingu yanapojikusanya. Stima hupotea bila taarifa. Kuna nyakati imepotea nchi nzima, kama usiku wa tarehe 25 Agosti 2023. Kompyuta ya mezani huzimika papo hapo, na laptopu yenye betri mbovu ni kompyuta ya mezani iliyovaa nguo nyingine.

Kwa hiyo inafaa kujua kila kihariri hufanya nini katika sekunde hizo za mwisho. Notepad ya zamani haifanyi lolote: kilichokuwa hakijahifadhiwa kimekwenda. Nano, kihariri chepesi kinachokuja na Linux nyingi, hujitahidi kuokoa kazi kinapofungwa kwa nguvu na mfumo, lakini stima ikikatika hakipewi nafasi hiyo. Notepad++, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, huweka nakala ya pembeni kila baada ya sekunde 7. Visual Studio Code hutunza mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa na kuyarudisha ikifunguliwa tena, japo kuhifadhi kwenye faili yenyewe bila kuombwa ni kitu cha kuwashwa na mtumiaji. Emacs hujiwekea akiba baada ya kila vibonyezo 300 hivi, au sekunde 30 za kimya.

Vim hufanya jambo hilo kwa ukaidi wa kuvutia. Tangu dakika faili inapofunguliwa, hutengeneza faili ya pili iliyofichika kando yake, jina lake likiishia na .swp, na kuandika humo mabadiliko kila herufi 200 zinapochapwa au kila vidole vinapopumzika sekunde 4. Stima ikirudi na mtu akafungua faili yake, Vim humsimamisha kwa tangazo refu linalowatisha wageni: kuna faili ya akiba, kazi ya awali haikufungwa vizuri, je, airudishe? Wageni wengi hubonyeza chochote ili tangazo liondoke. Anayelisoma polepole hujibu kwa herufi R na kupata karibu kila kitu alichokuwa ameandika, akahifadhi, kisha akaifuta ile faili ya akiba ili isimsumbue kesho. Hizo sekunde nne ndizo tofauti kati ya kupoteza sentensi na kupoteza alasiri.

Akiba hizi zote hukaa kwenye diski ileile. Radi ikipita kwenye waya na kuichoma mashine, .swp huungua pamoja na kazi. Anayetumia Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, na kupeleka kazi yake mahali pengine bando linaporuhusu, amejikinga na hatari ambayo hakuna kihariri kinachoweza kuizuia.

Bando lenyewe lina sauti katika uchaguzi. Visual Studio Code hupakuliwa kwa megabaiti mia moja au zaidi, na baada ya hapo huendelea kuomba: masasisho, viendelezi, na siku hizi wasaidizi wa akili mnemba ambao bila intaneti ni vitufe tu. Mtu anayenunua data ya siku kwa shilingi chache atazima masasisho ya kujiendesha kabla ya jambo lingine lolote. Mpangilio huo upo na haufichwi. Vihariri vya zamani vilitengenezwa na watu waliodhani hakuna mtandao, na dhana hiyo imegeuka neema. Vim ina kitabu chake chote cha maelezo ndani yake, na somo la kujifunzia liitwalo vimtutor ambalo huchukua nusu saa hivi na halihitaji hata kilobaiti moja.

Ukoo wa vihariri hivyo ulianza mwaka 1969, Ken Thompson alipoandika ed, kihariri kisichoonyesha ukurasa bali hupokea amri mstari mmoja mmoja. (Thompson huyohuyo, pamoja na Rob Pike, ndiye aliyebuni UTF-8 mwaka 1992.) Mwaka 1976 Bill Joy, akiwa mwanafunzi Berkeley, alianza kazi iliyozaa vi, akitumia terminali ya ADM-3A, yaani skrini na kibodi, iliyounganishwa kwa modemu ya kasi ya baud 300. Kasi hiyo ni takribani herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ilihitaji zaidi ya dakika moja kujaa. Amri za vi zilikuwa fupi kwa sababu hiyo: d na w kufuta neno, d mara mbili kufuta mstari. Kibodi ya ADM-3A ilikuwa imechorwa mishale juu ya h, j, k na l, na ndiyo maana hadi leo herufi hizo husogeza kishale. Ugumu ambao vijana hulalamikia ni uchumi wa mtu aliyekuwa na mtandao mbovu kuliko wowote utakaopatikana leo kati ya Ogembo na Nyansiongo.

Vim, mrithi wa vi, ina uhusiano na kanda hii ambao wanaoitumia kila siku huupita bila kuusoma. Ikifunguliwa bila faili, katikati ya skrini hutokea ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Aliyeliweka ni mtunzi wake, Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim hadharani mwaka 1991. Mwaka 1994 alikaa Kibaale, katika wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, kama mhandisi wa kujitolea wa maji na usafi. Rakai ilikuwa mojawapo ya sehemu za kwanza za Afrika Mashariki kupigwa na UKIMWI miaka ya 1980, na kituo cha watoto cha Kibaale kililea na kusomesha mayatima walioachwa na janga hilo. Moolenaar alirudi Uholanzi na kuanzisha mfuko wa ICCF Holland wa kukisaidia. Masharti yake ya Vim yalikuwa mepesi: programu ni bure, inakiliwe na kubadilishwa, na anayeipenda anaombwa achangie Kibaale. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62. Msaada uliotokana na kihariri hiki ulifika kijiji kilicho ng'ambo ya ziwa lilelile linaloleta mvua Kisii.

Hilo si hoja ya kuchagua Vim. Mtu huchagua chombo kwa kazi yake. Hoja ya Vim ni seva. Kijana wa Nyamira anayetunza mfumo wa ada wa shule, au programu inayopokea malipo ya M-Pesa kupitia huduma ya Safaricom iitwayo Daraja, siku moja atalazimika kuingia kwenye seva iliyo mbali, ambako hakuna dirisha wala kipanya, na kurekebisha faili ya mipangilio ambayo koma moja imekosekana. Humo atakuta vi au Vim, na pengine nano. Kila herufi anayochapa husafiri hadi seva na kurudi kabla hajaiona, na mtandao ukilegea bondeni, uchumi wa Bill Joy huanza kuleta maana. Kwa sababu hiyo ni busara kila anayeandika msimbo, hata aliyeolewa na Visual Studio Code, ajue Vim kiasi cha kufungua faili, kubadilisha neno, kuhifadhi na kutoka. Kutoka tu ni somo: Esc, kisha nukta mbili, kisha q, na alama ya mshangao kama hataki kuhifadhi, halafu Enter.

Wapo wanaoandika kwa simu, na hawafai kudharauliwa, maana wengine hawana kingine. Programu kama Acode na Termux hufanya kazi vizuri kwenye Android. Adui wa simu ni kibodi yake, iliyofunzwa kuandika ujumbe: mtu akichapa print mwanzoni mwa mstari, inamwandikia Print, na kwa Python hayo ni majina mawili tofauti; akigusa nafasi mara mbili, inaweka nukta. Mambo hayo huzimwa katika mipangilio ya kibodi, wala si ya kihariri, na ndiyo maana wengi hutafuta dawa mahali pasipo ugonjwa.

Kwa mwalimu hesabu ni tofauti na ya mwanafunzi mmoja. Darasa la watu 40 lenye vihariri vitano humfanya ashinde kipindi akieleza menyu. Akichagua kimoja chepesi kwa muhula wa kwanza, hata kama si bora kuliko vyote, anapata muda wa kufundisha programu. Kuna sababu nyingine ya kuanza na chombo kisichosaidia mno. Mitihani mingi ya programu nchini bado huandikwa kwa kalamu juu ya karatasi, na mwanafunzi ambaye kihariri chake kimekuwa kikimalizia mabano, kikipendekeza majina na kusogeza mistari ndani, hufika ukumbini akagundua kwamba sehemu ya ujuzi aliyodhani ni yake imebaki kwenye laptopu. Mtihani wa namna hiyo unaweza kulaumiwa, na unastahili lawama. Lakini ndio uliopo. Rangi za msimbo hazina madhara hayo, kwa sababu zinaonyesha kosa bila kulirekebisha.

Kazi za kikundi huleta ugomvi wa nafasi na tabo. Python hupima maana kwa jinsi mstari ulivyosogezwa ndani, na toleo la 3 hukataa mchanganyiko wa tabo na nafasi unaoleta utata. Wanafunzi wanne, kila mmoja na kihariri chake, wanaweza kuiharibu faili moja bila yeyote kubadilisha neno. Suluhisho halihitaji wote wahamie kihariri kimoja: inatosha kuweka ndani ya folda ya mradi faili ndogo iitwayo .editorconfig, yenye mistari michache inayosema nafasi nne, UTF-8, mwisho wa mstari wa Linux. Vihariri vingi huiheshimu, vingine vyenyewe, vingine kwa kuongezewa kiendelezi.

Linabaki suala la muda ambao chombo kitaishi. Atom, kihariri cha GitHub kilichotoka mwaka 2014 na kupendwa sana vyuoni, kilifungwa rasmi tarehe 15 Desemba 2022, miaka michache baada ya Microsoft kuinunua GitHub na kujikuta na vihariri viwili vya jamii moja. Waliokuwa wakikitumia walipoteza mikato ya kibodi waliyoizoea, pamoja na mipangilio na viendelezi vilivyoandikwa kwa ajili yake tu; mambo hayo huchukua wiki kadhaa kujengwa upya kwingine. Faili zao za msimbo hazikuguswa. Zilifunguka katika Notepad++, katika Geany, katika Vim, herufi kwa herufi, hata zile zilizokuwa na majina yenye ng'.